Kigongo, Cheo na Subira: Historia ya Kumfundisha Farasi

MANENO YA SOMO LA LEO. Soma kwanza maneno haya, kwa maana utakutana nayo mbele.
Tandiko: kiti cha ngozi kiwekwacho juu ya mgongo wa farasi.
Lijamu: chuma kiwekwacho kinywani mwa farasi.
Hatamu: mikanda miwili iliyofungwa kwenye lijamu, mpanda farasi huishika mikononi.
Vikuku: vyuma viwili vya kutia miguu, kimoja kila upande wa tandiko.
Kwato: kucha ngumu za miguu ya farasi, punda au ng'ombe.

  

Wazee walisema, "Punda haendi bila kigongo." Methali hii unaijua. Pengine umeitamka mwenyewe ulipokuwa na haraka ya kufika sokoni, na punda amesimama katikati ya njia kama gogo. Leo tutaipima methali hiyo. Tutaipima kwa habari za farasi, ambaye ni ndugu wa punda.

Labda utauliza, "Farasi ananihusu nini? Kwetu farasi ni wachache." Ni kweli. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mbung'o huwauma farasi na kuwatia ugonjwa unaowaua. Lakini fikiri kidogo. Umepata kufundisha maksai kuvuta jembe? Umepata kumfundisha mtoto, au mwanagenzi katika kazi yako? Na wewe mwenyewe, si unafundishwa kusoma sasa hivi? Basi jambo la leo ni lako pia. Tunauliza hivi: mwalimu anapata nini kwa nguvu, na anapata nini kwa subira? Watu waliofundisha farasi wamelijibu swali hili kwa zaidi ya miaka 2300. Wamelijua jibu, wakalisahau, wakalijua tena.

KAZI YA KILA SIKU

Kuna namna ya kupanda farasi iitwayo dresaji. Neno hili limetoka katika Kifaransa, na maana yake ni kufundisha mnyama. Katika dresaji farasi hashindani mbio, wala haruki viunzi. Anatakiwa kwenda vizuri tu. Anatembea, anakimbia, anageuka, anakwenda upande upande, anasimama wima bila kuyumba. Farasi aliyefundishwa sana huweza kukimbia papo hapo, miguu ikipanda na kushuka, naye haendi mbele hata hatua moja. Watazamaji hawaoni mpanda farasi akifanya lolote. Huonekana kama farasi anacheza ngoma kwa hiari yake.

Mashindano makubwa hufanywa katika uwanja wenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 20. Pembeni mwa uwanja kuna vibao vya herufi: A, K, E, H, C, M, B, F, na nyingine. Mpanda farasi hujua kwamba penye herufi fulani lazima asimame, na penye herufi nyingine lazima ageuke. Waamuzi hutoa alama kwa kila jambo, kuanzia 0 hadi 10. Unaona basi? Hata huko, asiyejua herufi hafiki mbali.

Lakini mashindano ni siku chache katika mwaka. Kazi yenyewe ni ya kila siku, nayo huanza bandani, si juu ya tandiko. Farasi hupewa nyasi kavu na maji. Tumbo lake ni dogo kwa mwili wake, kwa hiyo hula kidogo kidogo na mara nyingi. Kisha hupigwa brashi mwili mzima. Mtunzaji huinua mguu mmoja mmoja na kutoa mawe na matope kwatoni kwa chuma kidogo. Hupapasa mgongo kutafuta kidonda au uvimbe, maana tandiko likikaa juu ya kidonda, siku hiyo hakuna somo ila maumivu.

Farasi mchanga hapandwi mara moja. Kwanza hufundishwa kwa kamba ndefu. Mwalimu husimama katikati, na farasi humzunguka. Hapo hujifunza sauti ya mwalimu, na hujifunza kuiweka miguu yake kwa mwendo wa sawasawa. Mwendo wa farasi ni wa namna tatu kubwa. Gonga meza kwa kidole uusikie. Akitembea, kwato hulia mara nne: moja, mbili, tatu, nne. Akikimbia pole, hulia mara mbili: moja, mbili, moja, mbili. Akienda shoti ya taratibu, hulia mara tatu, kisha kimya kidogo: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Mwalimu mzuri hujua kwa kusikia tu kama farasi wake ana raha au ana taabu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Inzi akitua ubavuni mwa farasi, farasi humhisi, naye huitikisa ngozi mahali pale pale. Je, mnyama anayemhisi inzi anahitaji teke ili aelewe? Mpanda farasi humgusa ubavu kwa mguu. Farasi anapiga hatua. Papo hapo mguu unaacha kugusa. Katika kule kuacha ndimo mlimo na somo. Farasi hujiambia, kwa namna yake, "Kumbe hicho ndicho alichotaka." Mguu ukiendelea kubana baada ya farasi kutii, farasi ataona kwamba kutii hakuna faida. Kesho atakuwa mzito zaidi, na mpanda farasi atasema, "Farasi huyu ni mkaidi." Kumbe mwenye kosa ni mwalimu aliyechelewa kuacha.

Na kwa nini kiboko hakifundishi? Sababu ni hii. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Porini kinga yake ya kwanza ni kukimbia. Akiogopa, jambo moja tu huijaza akili yake: nitatokaje hapa? Akili iliyojaa hofu haina nafasi ya somo. Utamwona ameinamisha kichwa, utadhani ameelewa. Hakuelewa. Ameogopa tu.

ASKARI WA KIYUNANI ALIYEANDIKA

Haya hayakugunduliwa jana. Zaidi ya miaka 2300 iliyopita aliishi Myunani mmoja, mtu wa mji wa Athens, jina lake Xenophon. Alikuwa askari na mwandishi. Kabla ya kufa kwake aliandika kitabu kidogo juu ya kupanda farasi, nacho kinasomwa hata leo.

Xenophon alishauri kwamba mwenye farasi mchanga anapompeleka kwa mwalimu wake, aandike kwanza katika barua ya mapatano mambo ambayo farasi atafundishwa, kama vile mzazi aandikavyo anapompeleka mtoto kujifunza kazi kwa fundi. Tazama jinsi maandishi yalivyokuwa na nguvu tangu zamani! Neno la mdomo huweza kukanwa, lakini neno la karatasi hubaki.

Alifundisha pia kwamba mtu asimwendee farasi akiwa na hasira, kwa maana hasira haioni mbele, na mara nyingi humfanya mtu atende jambo la kujutia. Farasi akiogopa kitu, usimpige ili akikaribie. Ukimpiga, ataona kwamba kile kitu ndicho kilicholeta maumivu, na ataogopa maradufu. Afadhali ukiguse wewe kwanza, kisha umwongoze pole pole. Na mwisho alisema neno kubwa: kinachofanywa kwa kulazimishwa hakieleweki, wala hakipendezi, kama vile mchezaji wa ngoma hawezi kupendeza akichezeshwa kwa mjeledi.

SIKU ZA FIMBO, NA KURUDI KWA SUBIRA

Miaka mingi ikapita. Katika mwaka 1550 bwana mmoja wa Naples, katika Italia, aitwaye Federico Grisone, alichapisha kitabu juu ya kufundisha farasi. Kitabu kile kilienea Ulaya na kutafsiriwa katika lugha nyingine. Ndani yake mlikuwa na maarifa mengi, lakini mlikuwa na ukali mwingi pia. Farasi asiyetii alipaswa kuadhibiwa: fimbo ya kichwani, sauti ya kutisha, na adhabu nyingine kali zaidi. Mabwana wakubwa walisoma, wakaona ndiyo elimu. Tusisahau jambo hili: kitabu ni chombo kizuri, lakini si kila kilichopigwa chapa ni haki. Msomaji lazima apime.

Mtu mmoja aliyepima ni Antoine de Pluvinel, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1555. Alijifunza kazi huko huko Italia, lakini aliporudi Ufaransa hakufuata ukali ule. Mwaka 1594 alifungua chuo Paris. Baadaye alimfundisha kupanda farasi Mfalme Louis wa Kumi na Tatu. Pluvinel alishika kanuni moja: kupiga kuwe haba, na sifa ziwe nyingi. Aliona kwamba farasi ana akili, na kwamba kazi ya mwalimu ni kuifanyia kazi akili ile kabla ya kuuchosha mwili. Alikufa mwaka 1620, na kitabu chake kikatoka baada ya kufa kwake. Kimeandikwa kama mazungumzo kati ya mwalimu na mfalme. Fikiri: mfalme anakaa kama mwanafunzi, anauliza maswali, na mwalimu anamjibu. Farasi hakujua kwamba aliyempanda ni mfalme. Alijua tu kama mkono ulioshika hatamu ni mwepesi au ni mzito.

Baada yake akaja François Robichon de la Guérinière, Mfaransa mwingine. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1733. Alieleza zoezi moja la kumwendesha farasi mbele huku mabega yake yameingizwa ndani kidogo, ili mwili ulainike na mguu wa nyuma uchukue uzito. Zoezi hilo hufanywa mpaka leo, kila siku, mahali popote dresaji inapofundishwa.

CHUO CHA VIENNA

Katika mji wa Vienna, Austria, kuna chuo cha farasi ambacho habari zake zimeandikwa tangu karne ya 16. Huitwa Chuo cha Kihispania kwa sababu farasi wake wa kwanza walikuwa wa asili ya Hispania. Jumba lake la sasa, jeupe, lenye nguzo na taa kubwa, lilijengwa miaka ya 1729 hadi 1735, zamani za Kaisari Karl wa Sita. Mpaka leo wapanda farasi wakiingia huvua kofia mbele ya picha ya kaisari huyo.

Farasi wa chuo hiki huitwa Lipizzaner. Huzaliwa weusi au wa rangi ya udongo, na wengi huwa weupe wakiwa na miaka kati ya 6 na 10. Hapa subira imeandikwa hata katika ngozi. Wewe unajua methali isemayo, "Samaki mkunje angali mbichi." Lakini farasi hawa hawakunjwi mapema. Huachwa malishoni pamoja na wenzao, wakipanda na kushuka milima, mpaka wafikie umri wa miaka 4 hivi. Mifupa ikikomaa ndipo mafunzo huanza, nayo huchukua kama miaka 6.

Mpanda farasi naye hufundishwa kwa muda mrefu, miaka 8 hadi 12. Mwanafunzi mpya hukaa juu ya farasi aliyefungwa kamba ya mwalimu. Hana vikuku wala hatamu. Anajifunza kukaa tu, siku baada ya siku, asije akajishikilia kinywani mwa farasi. Na kuna desturi moja nzuri sana. Mwanafunzi mchanga hupewa farasi mzee, na farasi mchanga hupewa mwalimu mzee. Farasi mzee ndiye humfundisha kijana. Akikosea kukaa, farasi hafanyi. Akikaa sawa, farasi anafanya. Farasi akifanya vizuri hupewa sukari, ambayo mpanda farasi huiweka katika mfuko ulioshonwa nyuma ya koti lake.

Miaka mingi wapanda farasi wote wa chuo hiki walikuwa wanaume. Mwaka 2008 ndipo wanawake wa kwanza walipokubaliwa kuingia kujifunza.

CHEO KINAPOINGIA UWANJANI

Sasa tutazame jambo la pili, ambalo ni cheo. Dresaji iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1912. Kwa miaka mingi mchezo huu uliwekwa kwa maofisa wa jeshi na mabwana wenye heshima. Askari wa cheo cha chini hakuruhusiwa. Mwanamke pia hakuruhusiwa.

Mwaka 1948, katika michezo ya London, watu watatu wa Uswidi walipata nishani ya dhahabu. Mmoja wao aliitwa Gehnäll Persson. Huyu alikuwa sajini. Kabla ya michezo alipandishwa cheo kwa muda ili aweze kuingia, na wiki chache baada ya michezo akarudishwa katika usajini wake. Habari zikajulikana. Mwaka 1949 ushindi wa Uswidi ukafutwa, na dhahabu ikawa ya Wafaransa.

Jiulize, ewe msomaji. Je, farasi wa Persson alikwenda vibaya? Hapana. Je, waamuzi waliona kosa uwanjani? Hapana. Kosa lilikuwa begani, mahali pa alama za cheo. Jambo hili lilisemwa sana, na kanuni ikabadilishwa. Mwaka 1952, katika michezo ya Helsinki, Persson aliingia pamoja na wenzake wale wale wawili. Wakashinda dhahabu. Mwaka 1956 wakashinda tena, watu wale wale watatu.

Mlango ule uliofunguliwa mwaka 1952 uliwaingiza wanawake pia. Walikuwa wanne katika dresaji. Mmoja wao ni Lis Hartel, mtu wa Denmark. Mwaka 1944, akiwa na miaka 23 na tena mja mzito, alishikwa na ugonjwa wa polio. Alipooza. Mtoto wake alizaliwa mzima, lakini mama ilimbidi ajifunze upya kuinua mikono, kutambaa, na kutembea kwa magongo. Chini ya magoti miguu yake haikupata nguvu tena.

Unakumbuka tulivyosema kwamba mpanda farasi huzungumza na farasi kwa mguu? Huyu hakuwa na mguu wa kuzungumzia. Ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Basi alimfundisha farasi wake, jina lake Jubilee, kuelewa lugha nyingine: uzito wa mwili, mgongo, na mkono mwepesi. Kama dresaji ingekuwa kazi ya nguvu, mama huyu asingefika popote. Kule Helsinki alipata nishani ya fedha, akiwashinda maofisa waliokuwa na miguu yao kamili. Aliyeshinda dhahabu, Henri Saint Cyr wa Uswidi, alimsaidia kufika jukwaani. Mwaka 1956 Lis Hartel alipata fedha tena. Mfano wake uliwafanya watu wa nchi nyingi wafungue mahali pa kuwapandisha farasi watu wenye ulemavu, ili miili yao ipate nguvu. Na tangu mwaka 1996 dresaji imo katika Michezo ya Paralimpiki.

SOMO HALIJAISHA

Usidhani kwamba siku za fimbo zimekwisha kabisa. Mwaka 2024, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Paris, mpanda farasi mmoja mashuhuri wa Uingereza alijitoa. Video ilimwonyesha akimpiga farasi miguuni kwa mjeledi, mara nyingi, wakati wa mafunzo. Wakuu wa mchezo wakamfungia mwaka mmoja. Alikuwa na nishani nyingi na elimu nyingi. Lakini Xenophon alikwisha kusema, na Pluvinel alikwisha kusema, na bado mkono uliinuka. Kwa hiyo elimu ya subira hairithiwi kama shamba. Kila mtu huianza mwenyewe, na huweza kuipoteza siku moja ya haraka au ya hasira.

Basi turudi kwenye methali yetu. "Punda haendi bila kigongo." Yamkini ni kweli kwamba kigongo humfikisha punda sokoni. Lakini kufika ni jambo moja, na kuelewa ni jambo jingine. Kigongo huweza kusogeza mwili. Cheo huweza kufungua mlango au kuufunga. Hakuna kimoja kati ya hivyo viwili kinachoweza kuingia akilini mwa mwanafunzi na kuwasha taa. Kinachoingia humo ni neno lililo wazi, lililosemwa kwa wakati wake, na mwalimu anayejua kuacha mara mwanafunzi anapofanya vema.

Jioni ya leo, ukimfundisha mtoto wako herufi, naye akakosea mara ya tano, kumbuka yule inzi ubavuni mwa farasi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI
1. Kwa nini mpanda farasi huacha kubana mguu mara farasi anapotii?
2. Xenophon alisema nini juu ya farasi anayeogopa kitu? Je, shauri hilo laweza kumfaa mtoto anayeogopa shule?
3. Ushindi wa Uswidi wa mwaka 1948 ulifutwa kwa sababu gani? Wewe unaonaje, ilikuwa haki?
4. Lis Hartel alizungumza na farasi wake kwa njia gani?
5. Andika mistari mitano juu ya mtu aliyekufundisha kazi kwa subira. Mstari wa kwanza uanze na jina la kazi hiyo.